Kombe la Kila Ijumaa

Mpaka leo mtu akiniambia "sema tu, yatabaki hapa hapa," mimi naaga naondoka. Wataniita mwenye roho mbaya. Waniite.

Nilikuwa kidato cha nne, Kilwa Masoko, tumewekwa kambi ya mtihani wa taifa. Kambi ni kwamba mnahamia shuleni na magodoro, mnalala darasani mnamosomea, na kazi yenu ni moja tu. Wasichana tulikuwa tunatia miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usituchukue, tunakariri mpaka alfajiri. Na mimi nilikuwa na beseni langu, jekundu. Jaribio la kwanza la kambi nikapewa karatasi ya Baiolojia, nikaitazama, nikaona sijui kitu. Nikarudisha karatasi ina jina langu peke yake.

Aliyenitoa kwenye beseni ni mwalimu wetu wa ushauri nasaha, Madamu mmoja kijana, hana hata mwaka tangu ahamie kwetu. Haki yake nampa. "Mtu asiyelala hakumbuki," aliniambia. "Soma ukurasa mmoja, funga daftari, andika ulichokumbuka kwenye karatasi tupu. Halafu fungua. Ulichosahau ndicho cha kusoma." Alinifundisha nikiingia kwenye chumba cha mtihani nivute pumzi taratibu mara tano, nianze na swali ninalolijua hata kama ni la mwisho. Tukafanya mitihani ya miaka ya nyuma, yeye kashika saa, mimi naandika. Wallahi hofu ilitulia. Jaribio la pili nilipata alama za kutembea nazo kifua mbele.

Basi siku aliponiuliza kama kuna kingine kinachonisumbua, akaapa halitatoka, nikamwambia habari za kombe.

Mama yangu anakaa Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji. Kila Ijumaa asubuhi alikwenda kwa maalim wa madrasa na sahani yetu nyeupe, ile isiyopakuliwa chakula. Maalim akaandika aya kwa zafarani, mama akaziosha kwa maji na marashi kidogo, akayatia kwenye chupa yale maji ya manjano. Ndiyo kombe hilo. Kisha akavuka, akapanda mpaka shuleni kwa miguu, akanipa nikiwa getini. "Kunywa, mwanangu, Mungu akufungue." Nami nikasema nitakunywa baada ya kula. Sikunywa hata mara moja.

Msinielewe vibaya. Kombe naliamini, ndiyo maana niliogopa. Nilijiambia: nikinywa kisha nikafeli, mama atasema nini? Kwamba Mungu kamkatalia? Mwanamke anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yangu, halafu akose? Bora nifeli mwenyewe, lawama ziwe zangu, dua yake isiguswe. Na sikumwaga ovyo. Yale ni maneno ya Mungu, hayamwagwi panapokanyagwa. Nilimwaga kwenye shina la mpapai, taratibu, na bismillahi juu. Yote haya nilimwambia Madamu, nalia. Akanishika bega akasema, "Pole sana. Hii ni siri yetu."

Wiki mbili kabla ya mtihani kikaitishwa kikao cha wazazi. Kikaangukia Ijumaa. Sisi tulikaa nyuma, wazazi mbele, na mama yangu safu ya pili, kikapu mapajani. Madamu akasimama kuzungumza juu ya afya ya akili ya mtoto wakati wa mtihani. Alianza vizuri: wazazi msiwapigie simu kuwatisha, waacheni walale. Kisha akasema, "Mnawabebesha watoto mizigo. Kuna mwanafunzi humu kambini, jina silitaji. Mama yake anamletea maji ya dua kila Ijumaa. Mnajua anayapeleka wapi? Anayamwaga nyuma ya vyoo."

Loo! Nyuma ya vyoo!

Ni kweli, mpapai ulikuwa upande wa vyoo, hatua nyingi tu kutoka hapo. Lakini mpapai hakuutaja. Bismillahi hakuitaja. Kwa nini namwaga hakusema. Alichukua nusu ya maneno yangu, ile nusu chafu, akaiweka mezani mbele za watu. Na mama anayeleta kombe shuleni alikuwa mmoja tu.

Wanawake waligeuka wakamtazama. Mama hakugeuka. Alivuta pindo la khanga akaifunika chupa kwenye kikapu.

Kikao kilipoisha nikamkimbilia getini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akashuka kwenda zake bandarini, na chupa yake.

Nikamwendea Madamu ofisini, adabu nimeiacha nje. "Uliniahidi!"

"Sijakutaja jina."

"Mama yangu anajulikana!"

"Nimekutua mzigo," akasema, na alikuwa anatabasamu, jamani. "Siku moja utanishukuru."

Nilimchukia chuki ambayo sikujua ninayo. Wenzangu nao hawakunihurumia. Nikipita na ndoo, mmoja anasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, dada," wengine wanaangua kicheko. Lakini kilichoniuma zaidi nilikuwa nacho mwenyewe. Madamu alimdanganya mtoto aliyemjua kwa miezi mitatu. Mimi nilimtazama mama yangu usoni kila Ijumaa nikamwambia nitakunywa.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani nilikwenda getini nikijua haji. Hakuja. Akaja jirani yetu wa Kisiwani, anayevuka kuuza samaki sokoni, kabeba chupa ile ile. Nikaiinua juani. Maji meupe kabisa.

"Mama yako kasema ni maji ya kisima tu," akaniambia. "Hayajasomewa kitu. Kasema unywe, usiogope."

Nilikaa chini pale pale getini nikayanywa yote.

Jumatatu nilivuta pumzi mara tano, nikaanza na swali la mwisho. Mbinu za yule mwanamke, ningefanyaje, zilikuwa za kweli. Nilifaulu. Nusu ya pili ya maneno yangu sijamwambia mama mpaka leo. Kila nikianza, ananiuliza kama nimekula. Tangu hapo nimefanya mitihani ya chuo, na ya kazi pia. Mama hunitakia heri kwa simu, kwa sauti nzuri tu. Kombe hajaniletea tena, na mimi kuomba naona haya.