Ndeke ya Goma Itaruka Siku ya Posho

Nianze kwa kukiri, kwa sababu hapa mtaani kila mtu anaijua habari hii na kila mtu anaitia chumvi yake: ndiyo, ni mimi niliyewaita watu na mizigo yao waje kupanda ndege inayoingia ndani ya kartoni ya viatu. Aibu haijaniisha hata leo. Nikipita mbele ya Papa Ilunga, mlinzi wa ukumbi wa parokia yetu, mzee yule ananyoosha mikono kama mabawa halafu anaangalia pembeni kana kwamba si yeye.

Mnanijua. Mimi Kambale, muuza mabeseni na matermosi kwa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini kama wengi wenye madepo hapa Lubumbashi. Mke wangu Masika alikwenda Goma na binti yetu Neema kwenye harusi ya mdogo wake, wiki mbili tu (nakumbuka nilimwambia aache koti kubwa, wiki mbili koti la nini), mara vita ikaingia mjini, barabara ikafungwa, kiwanja cha ndege kikafungwa, na zile wiki mbili hazijaisha mpaka leo ninapowasimulia. Nyumba ya shemeji iko karibu na kiwanja. Zamani ndege ikitua, sahani zinalia kabatini, na Neema alikuwa akitoka mbio kuipungia mkono. Siku moja akaniuliza kwenye simu, "Papa, mandeke zilikwisha? Hata moja haipite." (Ndeke ndiyo ndege kwetu, msinisahihishe.) Nikamjibu, "Zitarudi, mama," nikakata simu, nikakaa chini kati ya mabeseni yangu. Nilimkumbuka mtoto wangu mpaka mkono ukaniuma, ule mkono aliokuwa akiulalia.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja, mhandisi wa mtaa wa Golf, anafunga virago arudi kwao, akanizawadia ndege ya kuchezea inayoongozwa kwa redio. Imetengenezwa kwa povu, lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, injini yake haizidi kidole cha mtoto, na yote pamoja na batri ni nyepesi kuliko ndizi moja. Akanionya kwamba hii si ya nje, upepo kidogo tu umeshaipoteza, hii inarushwa ndani, kwenye ukumbi mkubwa, madirisha yamefungwa na feni zimezimwa. Kwenye rimoti, kidole gumba cha kushoto kinatoa mwendo, cha kulia ni usukani. "Ikienda mbele yako ni rahisi," akasema. "Ikigeuka kurudi kwako, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na hapo ndipo kila mtu anaiangusha." Nilicheka. Mimi niliyeendesha lori kwenye matope ya kutoka Butembo! (Lori haliji kukutafuta ukiwa umesimama nje yake, lakini hilo sikulifikiria.)

Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye bawa, kwa herufi kubwa: GOMA. Nikamwahidi Neema kwamba siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu, saa tisa, ataiona kwenye simu ndeke ya Goma ikiruka tena.

Wiki nzima nikawa nafunga depo saa ya chakula nakimbilia ukumbini. Papa Ilunga ni mtoto wa watu wa reli waliotoka Katanga ya kaskazini, na kwake yeye kisicho na reli hakina akili. "Kambale, kile kintu hakina njia, kitakupotea," ananiambia, huku mimi naigonga kwenye pazia, naigonga kwenye jukwaa, naiunganisha kwa gundi. Ilikuwa inainua kichwa na kudondoka, basi nikaipaka puani nta kidogo ya mshumaa (wa parokia, Mungu anisamehe) ikatulia. Alhamisi ikazunguka ukumbi mara moja bila kugusa kitu. Ndugu zangu, hapo kichwa kikavimba, nikataka watu waone.

Papa Ilunga ana ubao mlangoni pa kanisa wa kuandikia matangazo. Nikamwambia, "Papa, andika: ndeke ya Goma itaruka siku ya posho, saa tisa."

"Itarukia wapi?"

"Hapa ukumbini, salle ya paroisse. Weka na ile ya kusema ni ndeke nyepesi. Place iko kiloko, bantu baye mapema."

Akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri wa chaki, hata kwamba nafasi ni kidogo na watu waje mapema. Tukarudi nyuma hatua mbili, tukasoma wote wawili, tukaona iko sawa kabisa. Sisi tulijua Goma ni jina. Ubao haukujua. Jamani, hicho kineno "ya"! Chumvi ya Kasenga imetoka Kasenga, lakini teksi ya Kasenga inakwenda Kasenga, na ndeke ya Goma, haya, semeni wenyewe.

Siku ya posho nikafika saa nane na nusu, kartoni kwapani, shati limepigwa pasi. Uwanja wa parokia umejaa! Naona watu wa kwetu, naona hata wasiosali parokia yetu, wengine wana mabegi (nikajua wametoka sokoni), na mimi badala ya kujiuliza nikaanza kusalimia huku na huku kama gavana. Mbele kabisa alikuwa Mama Kahindo, mjane anayeuza maharagwe karibu na depo yangu. Amevaa kitenge cha sikukuu, kilemba kirefu, na kifurushi kidogo kifuani.

"Kambale, banasema pilote njo weye?"

"Njo mimi, mama, rubani mwenyewe. Nilikuwa najifunza kimya-kimya."

"Ulijifunza siku ngapi?"

"Wiki moja."

Akashika kifua, kisha akacheka. "Mungu njo atatupeleka. Na ticket ni bei gani?"

"Bure, mama! Ni furaha yangu tu."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Nikainua mkono kuwashukuru. Ndipo Mama Kahindo akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba upendeleo: "Banaruhusu kilo ngapi?"

"Kilo za nini, mama?"

"Za colis, za mizigo. Mi nilibeba kiloko tu, ju ubao inasema ni ndeke nyepesi. Ni tricot, sweta ya mujukuu. Banamuzaa kule Goma, sijamuona hata sura."

Na kijana mmoja nyuma yake, aliyedhani ukumbini ni pa kukutania tu, akauliza gari la kutupeleka Luano, kwenye uwanja wa ndege, linafika saa ngapi.

Nikayaona sasa yale mabegi, masanduku yaliyofungwa kamba. Nilipaswa kusema pale pale, lakini simu ikalia, saa tisa kamili, Neema kwenye video amesukwa nywele mpya, anasema, "Papa, niko tayari." Basi mimi mjinga nikaingia ukumbini, watu wote wakanifuata na mizigo, nikaisimamisha simu kwenye kiti, nikafungua kartoni.

Wakanyoosha shingo kutazama ndani.

"Sasa ndeke iko wapi?" akauliza Mama Kahindo.

Nikasema, "Njo hii."

Sikuweza kuwatazama, nikairusha. Ikapanda, ikapita juu ya vichwa polepole, GOMA nyekundu inasomeka, ikafika mwisho wa ukumbi, ikageuka kurudi. Kulia kukawa kushoto, vidole vikachanganyikiwa, macho yameshajaa maji, na ndege ikaja moja kwa moja ikaingia ndani ya kilemba cha Mama Kahindo, propela ikazunguka kwenye kitenge mpaka ikakwama. Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Kisha kikakatika, maana mama alikuwa analia, ndege ingali kichwani.

"Mi nilishaambia mutoto wangu kule niko naya, nafika," akasema. "Alishatandika kitanda."

Nikapiga magoti. Nikasema mama nisamehe, Goma ni jina tu, niliandika jina kwa sababu na mimi nina wangu kule. Na kwenye kiti simu inapiga kelele: "Papa! Iliruka! Mama, kuya uone, ndeke ya Goma iliruka!"

Mama Kahindo akaitoa ndege kilembani taratibu, akanipa, akachukua simu. "Uko nani weye?"

"Neema."

"Uko Goma kweli? Twende inje, unionyeshe."

Mtoto akatoka na simu, akaielekeza juu. Basi tukasogea wote, watu wazima na masanduku yao, tukabanana mbele ya kioo kidogo kutazama mbingu ya Goma: bati la jirani, kamba ya nguo, wingu la mvua linakuja. Tuliangalia hivyo mpaka mtandao ukakatika.

Tangu siku ile nimeapa: sitatangaza kitu kwa "ya" tena maishani, na ndege ninarusha peke yangu, Neema akitazama. Bado ikirudi kwangu naiangusha. Papa Ilunga alifuta ubao, ila nakiri kila siku ya posho ninapitia pale kuangalia kama kuna kilichoandikwa.

Mama Kahindo siku ile hakurudi nyumbani na kifurushi chake. Alikiweka mikononi mwangu akasema, "Kaa nayo, pilote. Siku njia itafunguka utapeleka." Kiko depo, juu ya mabeseni. Asubuhi ninapofungua nakishika kidogo. Ni chepesi kweli.