Jina la Mama Nsimire

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima, hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia ingawa inaniaibisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mtaa wetu wote wa Kadutu ulikuwa nje na majembe, tukizibua mifereji kama serikali ilivyoamuru, na kiongozi wa chama wa mtaa akitusimamia, kavaa abakosi yake, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Nikainua macho nikamwona papa yangu, yaani baba, mikono mitupu, anaingia nyumbani kwa huyo huyo kiongozi na kufunga mlango. Hakuna aliyemwita arudi kazini. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine tena.

Papa alikuwa katekista. Sisi tulilelewa kwa sala kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Kila alfajiri tulipiga magoti sebuleni, naye alitutaja mmoja mmoja mbele za Mungu kwa majina yetu ya ubatizo. Mimi nilikuwa Agnesi. Halafu serikali ikakataza majina hayo, eti ni ya wazungu, na papa akaacha kututaja. Akawa anatuita tu watoto wa Mungu, wote pamoja: "Bana bako, Bwana, unabajua." Nilikereka sana. Niliona ameiuza imani kwa woga, na tangu siku hiyo nikawa nasali jicho moja wazi, nikimchunguza. Usicheke. Hadi leo nikiwa kanisani huwa naangalia nani amefumba macho kweli na nani anajifanya.

Kisha mwalimu wa kwaya akaitwa kwenye ofisi ya serikali ya zoni kwa sababu aliendelea kujiita jina la mtakatifu wake. Alirudi baada ya siku mbili, hataki kuulizwa kitu. Nani alimchongea? Mimi nilijua, au nilidhani najua. Mlango ule uliofungwa kila Jumamosi ulinitosha. Sikumuuliza papa, sikumuuliza maman. Nilimwambia Furaha, tuliyeimba naye sauti ya kwanza: "Angalia muzuri batu benye kuingia kwa kiongozi wakati ya salongo."

Furaha hakuwa na kifua. Kufika Jumapili, watu waliokuwa wakija kwetu kusali rozari baada ya misa hawakuja. Maman alikuwa ametandika mikeka kumi, tukakaa wenyewe. Papa aliangalia mikeka ile mitupu, akaanza sala kana kwamba nyumba imejaa. Mimi nikajisemea moyoni: ndiyo, ajifanye tu.

Jumamosi ikafika. Papa akaelekea kwenye ule mlango, lakini safari hii kiongozi alimzuia mbele ya watu wote na kumpa jembe. Nilikuwa karibu nao, nikasikia.

"Citoyen, leo njo siku yake," papa alisema kwa sauti ya chini, akitumia lile neno la "raia" tuliloamriwa kuitana.

"Batu banaangalia, katekista. Tungoje juma yenye kuya."

Maneno hayo nami niliyageuza yakawa ushahidi. Nilimwona papa akilima mfereji kwa haraka, anageuka kila mara kuangalia ile nyumba, nikafurahi. Nilifurahi, mwanangu. Sikufichi.

Jumatatu asubuhi vilio vikatoka nyumbani kwa kiongozi. Mke wake, mama Nsimire, aliyekuwa hatoki kitandani kwa ugonjwa wa kifua, amefariki. Papa alikaa kwenye kiti akalia waziwazi, na hapo ndipo maman akanieleza. Mama Nsimire alikuwa ameomba ubatizo. Mumewe angepoteza cheo kama ingejulikana kwamba mke wa mtu wa chama anachukua jina lililokatazwa, ila alimpenda, akachagua saa ya salongo ambapo mtaa wote uko nje. Papa alimfundisha sala kidogo kidogo, kadiri pumzi yake ilivyoruhusu. Maji ya ubatizo yalikuwa yamwagwe Jumamosi ile ile. Lakini uvumi ulikuwa umegeuza macho yote kwenye mlango wake, na kiongozi akaogopa.

Nilijitupa chini nikakiri. Papa hakunipiga.

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliogopa, papa."

"Uliogopa kuniuliza, lakini haukuogopa kunisema?"

Aliniambia pia kwa nini aliacha kututaja: kuta za mbao hupitisha sauti hadi barabarani, na alitaka tusifukuzwe shule. Nani alimchongea mwalimu wa kwaya hatukujua kamwe.

Mazishini, udongo uliporudishwa, kiongozi alimsogelea papa.

"Alikuwa amechagula jina gani?"

Papa alitikisa kichwa. "Hakuniambia. Alisema atalitaja siku ya maji."

Yule mtu wa chama kilichokuwa kikiwaita watu ofisini kwa sababu ya majina alibaki pale, mikono imening'inia, anataka kujua jina moja tu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mimi nimezeeka nikijaribu jina hili na lile rohoni, na sijui ni lipi.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe nashuku, na wewe umekulia nyumba ya sala, unajua wapo wanaotaja Mungu kwa mdomo tu. Ila shaka ikikushika juu ya baba yako, padri wako au jirani, funga safari uende kwake ukamuulize uso kwa uso kabla hujamwambia rafiki. Akikudanganya, hilo ni lake. Ukimsema bila kumuuliza, utakuwa umefunga mlango usiojua nani yuko nyuma yake, anangoja nini.

Bwana akupe ulimi mzito, na ujasiri wa kubisha hodi. Akulinde uendako, na jina lako alijue.