Mama Mado na Joto la Mwezi wa Kumi

Mama Mado Kaseya wa Manika, Kolwezi, aliacha kuuza vitenge akajenga banda la kuku nyuma ya nyumba. Mwaka jana, mwezi wa kumi, joto lilimuulia kuku ishirini na sita kwa alasiri moja, chini ya paa la bati. Mume wake Stany, fundi wa magari, akamwambia, "Mado, uache hii kazi."

"Mi siachi. Kosa haikuwa ya kuku, ilikuwa ya nyumba yenye nilibajengea."

Akabomoa kuta mbili, akaweka wavu ili upepo upite. Akaezeka majani mazito juu ya bati. Maji aliyaweka kivulini na kuyabadilisha mara tatu kwa siku. Chakula aliwapa kuku wake thelathini na mmoja alfajiri na jioni tu, maana kuku akila mchana mwili wake huzidi kupata joto.

Mwezi wa kumi ukarudi, mvua ikachelewa. Jumanne moja jua lilichoma vibaya sana. Kuku walitanua mabawa, wakahema midomo wazi. Mado alimwagia paa maji, akatundika magunia yaliyolowa upande wa upepo, kisha akakaa nao, moyo juu.

Saa kumi alasiri, joto likipungua, jogoo akawika. Stany aliporudi kutoka kazini aliwahesabu kuku mara mbili.

"Yote iko muzima?" Mado akamuuliza.

"Yote, makumi tatu na moja!"

Mado akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Kesho yake Mama Jémima, wa nyumba ya pili, alikuja na mundu mkononi, akiuliza yale majani hukatwa wapi.