Barua Niliyoiandika Kwenda Chwaka

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia Mkokotoni juu ya punda, na punda yule alikuwa na haraka kuliko mimi. Kutoka mjini nilipanda gari la moshi mpaka Bububu, reli ikaishia hapo, na njia iliyobaki ikawa ya punda na miguu. Nilikuwa kijana wa Malindi, mtoto wa mjini hasa, kanzu nyeupe, kofia ya kushona kwa mkono, na ndani ya mkoba kalamu zangu tatu za mwanzi nilizozichonga mwenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa msimamizi wa dahalia. Nyinyi vijana mnalijua neno hilo tangu utotoni, lakini wakati ule watu wa shamba ndio kwanza wanalisikia: nyumba ya skuli ambayo wanafunzi wanalala humo humo, wanakula humo humo, na wazazi wao wako mbali.

Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kusema jambo mara mbili. Alinipitisha chumba kirefu chenye mikeka ishirini na nne iliyotandikwa safu mbili, akanionyesha kisima, jiko na msala wa kusalia. Halafu akanipa agizo moja tu.

"Hesabu mikeka kila alfajiri," alisema. "Mkeka ukiwa mtupu, mzazi ataniuliza mimi, na mimi ntakuuliza wewe."

Siku hizi nimestaafu. Mchana baada ya kula hujilaza barazani, usingizi mwepesi ukinichukua, na dahalia ile hunijia kama ilivyokuwa, ila imekuwa kimya zaidi na nyeupe zaidi. Nawaona vijana wakirudi kisimani na ndoo, wa zamu ya maji mbele na wa zamu ya kuni nyuma. Nasikia harufu ya karafuu iliyoanikwa kwa jirani. Wa Tumbatu wanazungumza Kitumbatu chao upesi upesi ili sisi wa mjini tusifahamu, na kweli hatufahamu. Alkhamisi kila mmoja anafua kanzu yake kwa ajili ya Ijumaa, kanzu zinajaa kwenye kamba, upepo unaziingia, na mimi nikiwa nusu macho nusu usingizini huona kama vijana wenyewe wamening'inia pale wanacheka.

Walikuwa vijana wakubwa, wengine wameshaanza kuota ndevu, wanasomea ualimu. Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha, kuwapikisha, kuwatibu homa ndogo ndogo, na saa za alasiri kuwatolea imla. Imla ni kusoma kwa sauti polepole, na wao waandike wanachokisikia bila ya kutazama kitabu. Asubuhi waliandika kwa herufi za Kizungu, kama Serikali ilivyotaka, na alasiri kwa herufi za Kiarabu, kwangu. Nami sitajidai unyenyekevu uzeeni: hati yangu ilikuwa nzuri. Watu walinijia kutoka soko la samaki niwaandikie barua, na wakiipokea waliitazama kwanza kama mtu anavyotazama nguo mpya.

Lakini hati ile ilikuwa na shimo lake, na nitalieleza kwa sababu mimi ndiye niliyetumbukia. Kiarabu kina be, yenye nukta moja chini. Pe hakina. Sisi Waswahili maneno yetu ya pe ni tele, na wengi wetu tuliyaandika kwa be ileile, msomaji achague mwenyewe kwa akili yake. Papa wa baharini na baba mzazi waliandikwa sawasawa, na hakuna aliyemla baba yake. Walikuwapo waandishi waliotia nukta tatu ili pe ijulikane. Mimi niliwaona watu wa kujionyesha.

Katika mikeka ile ishirini na nne mmoja ulikuwa wa Vuai, kijana mrefu wa Chwaka, mzito wa kusema, mwepesi wa hesabu. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, Bi Mize, hakutaka kabisa aje. Alisikia kwamba watoto wa skuli mwisho hupelekwa Ulaya, na hapo hutawaona tena. Aliyemshawishi ni kaka yake, Mzee Pandu, mjomba wake Vuai, ambaye alikuwa msasi, yaani mwindaji wa nguruwe wanaoharibu mashamba. Bi Mize alikubali kwa sharti moja: likitokea baya lolote, mtoto anarudi nyumbani na harudi tena Mkokotoni. Na Vuai alibakiwa na mtihani mmoja tu, wa Bwana Mkaguzi. Akiupita, angekuwa mwalimu wa kwanza kutoka upande wao, na huko kwao hakukuwa na skuli hata moja.

Wasasi hufuga mbwa. Mbwa mmoja wa Mzee Pandu, jina lake Sijali, alimpenda Vuai kuliko alivyompenda bwana wake. Vuai aliporudi kutoka mapumziko ya Idi, mbwa alimfuata njia nzima mpaka Mkokotoni, akafukuzwa, akarudi. Mwalimu Mkuu aliamuru asivuke mfereji wa uani, maana mbwa ni najisi na watu wanasali, na Sijali alilielewa agizo lile vizuri kuliko wanafunzi wengi. Alilala ng'ambo ya mfereji chini ya mti wa mkungu, akingoja Vuai atoke darasani.

Asubuhi moja tulimkuta amekufa, ameumwa na nyoka. Vuai alimbeba mwenyewe kwa makuti, akachimba nyuma ya jiko, kisha akajitwaharisha mara saba, moja kwa udongo, na wa zamu ya maji wakanung'unika. Hakulia mbele ya wenzake. Alikuja kwangu alasiri kuniomba nimwandikie mjomba wake, kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu maalim wa chuo cha Kurani kule Chwaka hakujua nyingine. Alitaka iandikwe kwa hati nzuri, kwa heshima ya mbwa.

Nilianza kama barua zote zinavyoanza, kwa jina la Mwenyezi Mungu na salamu ndefu. Vuai akaniambia nitaje jina la Sijali. Nikakataa. Nilimwambia jina la mbwa halikai chini ya Bismillahi, niandike "mbwa wako" na itatosha. Nilipofika kwenye kuzikwa, nilikuwa naandika "tumemfukia", kama tunavyosema kwa mnyama, akanishika mkono.

"Maalim, usiandike tumemfukia," alisema. "Mjomba itamuuma. Andika tumemzika."

Nikamwonea huruma, nikaandika. Barua ikasema hivi: sisi sote hatujambo, ila mbwa wako amekufa kwa kuumwa na nyoka, tumemzika hapa hapa skuli, usihuzunike. Nikaukausha wino, nikaitazama barua, nikaipenda. Nikampa mchuuzi wa samaki aliyekuwa akienda Chwaka.

Siku ya tano, asubuhi, Mzee Pandu alitokea uani. Wanafunzi walikuwa darasani, mimi niko peke yangu. Alikuwa amekonda uso. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida, nikampa pole na kumwambia kwamba marehemu hakuteseka na kwamba sote tulimzoea. Akashukuru. Akasema anataka kuliona kaburi. Nilistaajabu kwamba mtu ametoka Chwaka kwa miguu kuja kuzuru mbwa, lakini wasasi wana mambo yao. Nikampeleka nyuma ya jiko.

Alilitazama lile tuta muda mrefu. Lilikuwa dogo, urefu wa mkono wangu na kidogo zaidi.

"Mlimkunja?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba ndiyo, miguu ilikunjwa kidogo. Mzee yule akakaa chini mchangani. Akaniambia, bila ya kunitazama, kwamba amekuja pia kuchukua nguo zake, mama yake anazitaka. Nikauliza nguo za nani. Akasema za Vuai. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia kwamba nguo za Vuai amezivaa Vuai.

Sitaki kueleza sana yaliyofuata. Nilikimbia darasani, nikaingia bila ya ruhusa ya Mwalimu Mkuu, nikamvuta Vuai kwa mkono. Mjomba wake alipomwona alijifunika uso kwa kilemba na hakukifunua upesi.

Kumbe barua ilifika salama, na maalim wa chuo aliisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Alipofika kwenye neno lile alisita. Angeweza kusoma mbwa, angeweza kusoma mpwa, mtoto wa dada, maana nukta ni moja. Akajiuliza ni nani duniani ameandikiwa barua kwa ajili ya mbwa, tena yenye Bismillahi. Hata hivyo alingoja aone maneno ya mbele. Maneno ya mbele yakasema tumemzika, na mbwa hazikwi. Basi akasoma mpwa. Walimkalia matanga siku tatu, wakamsomea khitma, na Bi Mize hakula.

Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda nao ukamweleze mama yake kwa ulimi wako," na tukaondoka kabla ya jua kuwa kali, watu watatu. Njia ile naiota mpaka leo. Mbele yetu anatembea marehemu wa Chwaka akichuma zambarau njiani, ametia viatu begani, anageuka kutuuliza kama tunataka.

Tulifika alasiri. Wanawake walikuwa bado wamekaa mikekani. Walipomwona walisogea nyuma wote kwa pamoja, wala hakuna aliyepiga kelele. Bi Mize alikuwa ameegemea ukuta. Akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kawaida, "Nionyeshe miguu."

Tunavyoamini sisi, jini hujigeuza mtu, lakini miguu humsaliti. Vuai akainua kanzu. Mama yake akavishika visigino, akavibonyeza, akapitisha kidole baina ya vidole vyake kimoja kimoja. Alipomaliza ndipo alipolia.

Baadaye alinigeukia, akauliza ni nani aliyeandika. Nikasema ni mimi. Nikamweleza habari ya be na pe, nukta moja na nukta tatu, nikaiomba barua kwa Mzee Pandu nikamwonyesha. Alinisikiliza yote.

"Maalim, mimi sijui kusoma," alisema. "Nnajua siku tatu nimemlilia huyu."

Nikamwomba radhi. Halafu nikamwomba aniachie Vuai arudi skuli, kwa sababu Mkaguzi anakuja baada ya siku kumi na mtihani haungoji mtu. Akatikisa kichwa.

"Nshamkalia matanga, na arubaini yake ntaimaliza," alisema. "Atakaa hapa nimtazame. Ikitimia, ntajua la kufanya."

Nilirudi Mkokotoni peke yangu, na njiani nililia kwa hasira, hasira yangu juu yangu. Kijana alikuwa anapoteza mwaka, pengine anapoteza ualimu wenyewe, kwa sababu mimi niliona haya kuandika jina la mbwa.

Mkaguzi alikuja, Mzungu mrefu mwenye kofia kubwa. Akaona mkeka mmoja hauna mtu akauliza. Mwalimu Mkuu, ambaye hakupenda kusema jambo mara mbili, akamjibu, "Yuko kwao, Bwana. Anafanyiwa arubaini." Mkaguzi akavua kofia, akainamisha kichwa, na ikabidi siku ile Mwalimu Mkuu aseme mara tatu.

Nikahesabu mikeka, na siku pamoja nayo. Siku ya arubaini na moja ilipita bila ya mtu. Ya arubaini na mbili, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mize aliingia uani na Vuai nyuma yake amebeba kikapu cha mikate ya kumimina. Hakutaka kukaa. Alitaka aonyeshwe mkeka wa mwanawe, akaupapasa. Akaonyeshwa kisima, akachungulia. Kisha akaomba lile kaburi. Nikampeleka. Alisimama pale, kanga amejitanda, midomo ikimtetema, nikadhani ananilaani.

"Machozi yangu yote yale," alisema, "kumbe yalikuwa ya Sijali."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko, na mimi nikacheka, na Vuai akacheka. Alipotulia alinikabidhi mwanawe, akasema woga wote aliokuwa nao ameshaumaliza kwa kumlilia mara moja, haukubaki wa mara ya pili.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa mjini, nikapelekwa Pemba, nikarudishwa mjini. Nimetumikia Walimu Wakuu watano na Wakaguzi ambao siwahesabu, na herufi nilizozifundisha kwa mapenzi makubwa zimeondolewa madarasani nikiwa nazitazama. Pale pale Mkokotoni nilianza kutia nukta tatu. Niliwafundisha vijana wote wazitie, na niliweka kanuni kwamba kila mwanafunzi aandike kwao kwa mkono wake mwenyewe. Hayo ni ya kazi. Lakini mchana barazani usingizi ukinichukua, hunijia zaidi siku nyingine, ya mwaka uliofuata.

Vuai alikuwa ameupita mtihani, na Mwalimu Mkuu akaniambia nimwandikie mama yake habari njema. Nikamwambia siandiki, nakwenda. Nilitoka alfajiri peke yangu, nikapita mashambani nikiimba njia nzima, nimejawa na furaha, wala sikujifikiria kabisa ninavyoonekana. Nikafika kwao, nikaingia uani. Bi Mize alikuwa anapepeta mchele. Akainua uso, akaniona mimi, msimamizi wa dahalia, vumbi mpaka magotini, na nyuma yangu hakuna mtu. Ungo ukamtoka mikononi.

Nikasahau hodi, nikasahau shikamoo. "Mzima, Bi Mize," nilisema, na nikazidi kusema huku namkimbilia. "Mzima. Mzima."

Habari ya mtihani nilimpa baadaye, tulipokwisha okota mchele.