Anayekimbia Kimya

Jumamosi asubuhi nilikuwa mtaa wa Bwiza nikinunua nyanya. Muuzaji, mama mmoja aliyekimbia vita huko Kongo, alikuwa akinichagulia, mara mkono wake ukaganda. Msichana alikuwa anakuja mbio katikati ya barabara, peke yake, bila neno. Mama akakusanya pembe nne za kitambaa chake, nyanya zote ndani, akajitwika. Wauzaji wenzake nao wakafunga bidhaa zao. Mimi nilishaweka mguu mmoja ndani ya duka lililokuwa nyuma yetu.

Msichana akasimama, anahema. "Pardon, mama! Hakuna kitu. Mi niko najitayarisha marathoni, ndiyo ya kwanza."

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Basi uimbe, mutoto yangu," mama akasema, mzigo ungali kichwani. "Mutu wa siporo anaimba. Mwenye kukimbia kimya, iko kitu nyuma yake."

Vikundi vya siporo, yaani vya mazoezi, mjini hapa hukimbia vikiimba. Tunavisikia kabla ya kuviona. Miaka yote nilidhani wanajifurahisha wenyewe. Kumbe wanatuambia sisi tuliokaa: kaeni tu, ni amani.

Jumamosi iliyofuata msichana alipita tena. Wajuzi wa mbio watasema kuimba kunamaliza pumzi, na kweli, wimbo wake wa kanisani ulikuwa ukikatikakatika vibaya. Mama hakuinua hata kichwa. Aliendelea kunichagulia nyanya.