Kikao Kilichofungwa kwa Maombi

Miaka kumi na mmoja Jumwa Nzai amekuwa akizunguka Magogoni kama mhudumu wa afya wa mtaa, na hakuna mjamzito asiyemjua kwa jina. Alichotaka ni kimoja tu: zahanati yenye chumba cha kujifungulia, kwenye kiwanja cha umma nyuma ya shule. Mwaka jana wanawake watatu walijifungulia kwenye tuktuk, na mikono iliyopokea watoto hao ilikuwa yake.

Kwa hiyo kaunti ilipoitisha kikao ili wananchi na serikali wapange huduma pamoja, alipita nyumba kwa nyumba. Ukumbi ukafurika. Wote wakasema zahanati. Ofisa aliyetumwa, Munga, mpole kama maji mtungini, aliandika kila neno, halafu akaomba afunge kikao kwa maombi yeye mwenyewe.

Hapo ndipo alipowaweza. Mtu akishainua mikono kumwomba Mungu, nani wa Magogoni atamkatiza? Munga akashukuru kwa mvua, kwa amani, kwa viongozi na, bila hata kuvuta pumzi, kwa maegesho ya malori ambayo wakazi wameyaridhia kwenye kiwanja kile, zahanati ikisubiri wakati wake. Vichwa vilikuwa vimeinama. Amina, wakaitikia. Ya Jumwa ilisikika kuliko zote, maana alikuwa amechoka, hakusikiliza maneno, na aliitikia kwa mazoea.

Mwezi uliofuata kumbukumbu za kikao zikabandikwa kwenye ofisi ya wadi: wakazi waliafiki maegesho ya malori kwa kauli moja. Jumwa alisoma, akaikumbuka ile dua, damu ikamchemka. Ufedhuli gani huu, kumtanguliza Mungu ili uwadhulumu waja wake? Akaingia moja kwa moja hadi mezani kwa Munga.

"Mama, nilikusikia kwa masikio yangu ukiitikia," Munga akamwambia, wala hakuona haya.

Jumwa akarudi mtaani kukusanya sahihi za kupinga. Alianzia kwa jirani yake Mwanasaumu, ambaye bintiye ana mimba ya miezi minane.

"Dada Jumwa, dua ishaitikiwa," Mwanasaumu akasema, macho chini. "Kuikana mie naogopa, wallahi."

Nyumba ya pili jibu likawa hilo hilo, na ya tatu pia. Jumwa alirudi kwake akilia kwa hasira. Alimkasirikia Munga, akawakasirikia majirani, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe. Kisha akatwaa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: "Mimi, Jumwa Nzai wa Magogoni, naifuta amina yangu."

Akatia sahihi peke yake, akaipeleka ofisini.