Mwimbaji wa Bigo Aliyetuambia Tusikimbie

Habari ya kifo chake nilipewa na mama anayeniuzia samaki. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni lake sokoni, nachagua na kurudisha kama ilivyo tabia yangu mbaya, naye hunivumilia kwa sababu tunajuana tangu enzi alipokuwa akiteremka mwenyewe Kasenyi kufuata mzigo ziwani. Nikauliza bei. Yeye akatazama pembeni. "Muzee, hauyasikia bado?" akaniambia. "Mwimbaji yetu alikufa jana ku hopitali. Ile ugonjwa ya figo ilimushinda." Nikamrudisha samaki ndani ya beseni na kuondoka bila kumpa pole, wakati yeye ndiye aliyestahili pole kuliko mimi, na sababu yake nitaieleza. Nyumbani mke wangu aliponiuliza samaki yuko wapi, nilimpa habari ya kifo badala ya samaki.

Wasomaji wa siku nyingi wameshamjua ninayemsema, na wenye kumbukumbu ndefu watajua pia kwamba safu hii haikumtendea haki hapo mwanzo. Kwa wengine, niseme hivi: alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona hapa Bunia akiimba roki nzito, ile ambayo vijana wanaiita metali. Gitaa za umeme zinakoroma, ngoma zinakimbizana, na juu ya vurugu hiyo yote inakuja sauti ya mtu inayotoka chini ya kitovu. Alianza na kundi la wanaume watatu, yeye akiwa wa nne. Mji ulipochafuka, kundi likasambaratika: mmoja alivuka ziwa kwenda Uganda, mwingine alifuata dhahabu kwenye machimbo, wa tatu aliokoka akatangaza kwamba gitaa lake lilikuwa la shetani. Watu walimshauri dada huyu arudi kwenye kwaya ya parokia, ambako sauti yake ililelewa. Yeye akasema atatoa albamu ya peke yake. Alitoa mbili kabla Mungu hajamwita, na sidhani kama kuna nyingine duniani zilizotengenezwa namna ile.

Ili mnielewe, lazima nikumbushe tulivyokuwa tunaishi. Walituambia ni amani, nasi tukaitikia ni amani, kwa sababu soko lilifunguliwa na watoto walirudi shuleni. Lakini masikio yetu hayakuwa yameambiwa kwamba vita vimekwisha. Mwanamke akilia kwa sauti mchana, tulijua ni mambo mawili tu: ama kuna msiba, ama wenye silaha wanakuja. Basi dada huyu akapanga chumba kule mtaa wa Bigo, akatundika magodoro ukutani, akakodi jenereta, akamwita fundi wa sauti, na mchana mmoja akafungua mdomo. Magodoro yale, masikini, hayakuzuia kitu. Upande wa juu wa mtaa watu walifunga virago na kuanza kukimbia. Upande wa chini wakaelewa kuwa kuna kilio, wakaja kama desturi yetu inavyotaka, wanaume na viti vyao, wanawake na kuni kichwani na vitenge vimefungwa kiunoni, wakaingia uani wakilia na kuuliza marehemu ni nani. Wakamkuta dada wa watu amesimama, maikrofoni mkononi, jasho linamtoka, hana maiti wa kuwaonyesha.

Ningecheka, na siku ile nilicheka kweli nilipohadithiwa. Kisha nikaambiwa kwamba mmoja wa waliokimbia, mama wa samaki huyu huyu ninayemsumbua kila wiki, alianguka mtaroni akavunjika mkono. Mkuu wa mtaa akampiga mwimbaji marufuku hapo hapo. Nami, badala ya kunyamaza, nikaandika. Niliandika kwa mbwembwe, niliona fahari, nikasema mji huu umeshiba makelele, unahitaji kimya, na kama dada yetu ana pumzi za ziada akapulize jiko. Wazee walinipongeza barabarani. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, na bado niliandika nilivyoandika.

Baada ya siku tatu mwimbaji alikuja ofisini kwangu. Nilijiandaa kwa matusi, maana mwandishi huyajua matusi kabla hayajafika. Hakutukana. Alikaa, akaweka gazeti mezani, akaongea kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi nimsogelee.

"Muzee, weye uliandika kama watu wa Bunia wanahitaji kimya," alisema. "Ile siku walikuja kwetu, kulikuwa kimya. Mama yangu alikufa, siye tulikuwa tumejificha mu majani. Shangazi alinifunga mudomo na mukono yake, juu nisilie, wasitusikie. Mpaka leo ile kilio iko humu." Akajigusa kifuani. "Niko natafuta kuitoa. Lakini sitaki mutu akimbie sababu ya sauti yangu."

Niliona aibu, na aibu ya mtu mzima haina pa kujificha. Nilimuuliza atafanyaje. Ndipo nikampa shauri la kwanza la maana ambalo nimewahi kumpa mtu: twende tukampe pole mama wa samaki. Tukanunua sukari na sabuni, tukaenda, mimi nikiwa mbele kama mshenga. Tulimkuta mama amekaa mlangoni, mkono umefungwa plasta, uso umefungwa zaidi. Alimsikiliza mwimbaji mpaka mwisho. Habari ya mkono wa shangazi ilipofika, mama aliutazama mkono wake uliofungwa. Mimi nilidhani atatufukuza.

"Kulia si mubaya," akasema. "Mubaya ni kulia bila kutuambia. Ukitaka kulia, utuambie saa. Siye tutajua ni weye."

Shauri likawa hilo, na mkuu wa mtaa akalikubali kwa sharti kwamba asiruke hata nyumba moja. Mnaosema wasanii ni wavivu, laiti mngemwona. Kila siku ya kurekodi alianza asubuhi, akapita Bigo mlango kwa mlango, akibisha, akisalimia, akiuliza habari za wagonjwa, kisha akitoa tangazo lake: saa tisa nitaimba, ni mimi, hakuna mutu amekufa, hakuna mutu anakuja, mukae. Kuna nyumba zilizokuwa na wazee wasiosikia vizuri, akarudia mara tatu. Kuna nyumba walimpa chai, akachelewa. Kuzunguka kulimchukua muda mrefu kuliko kuimba, na fundi wa sauti alilalamika sana. Siku chache za kwanza bado watu walisimama milangoni, miguu tayari. Baadaye wakawa wanakaa. Mwishowe wakawa wanamuuliza mbona leo hakuja kuwaambia.

Albamu ya kwanza ilipokamilika, ilisambaa kama nyimbo zinavyosambaa kwetu, kupitia vijana wanaochaji simu za watu barabarani na kuwawekea muziki kwenye kadi. Hapo akapata wasiwasi mpya, ambao msanii wa mji mwingine asingeuota. Aliwaza: je, mtu akiifungua kwenye simu huko mlimani, na jirani asiyejua akasikia? Akarudi studio. Kabla ya kila wimbo akajirekodi akisema kwa upole kabisa, "Ni mie naimba. Hakuna mutu amekufa. Mukae." Ndipo gitaa zinaporuka. Mtu mmoja wa muziki kutoka mbali alitaka kumsaidia kuzitoa nyimbo hizo nje ya nchi, akamwomba aondoe maneno hayo kwa sababu yanaharibu ladha. Alikataa, na yule bwana hakurudi. Nilimwambia amefanya kosa. Siku hizi sijui kama lilikuwa kosa.

Albamu ya pili ndiyo ninayoipenda, na kuipenda kwenyewe kunaniuma. Mama wa samaki, mkono umeshapona, alimwendea akasema naye ana cha kulia. Alikuwa amezika kaka zake kwa haraka, bila matanga, bila mtu kuketi naye. Wakaja na wengine, wa upande huu wa vita na wa upande ule, wanawake ambao miaka michache kabla ya hapo wasingechota maji kwenye bomba moja. Kila mmoja alipewa maikrofoni kwa zamu na kuambiwa asiimbe, alie tu, na gitaa litamfuata. Fundi wa sauti alivua visikilizio akatoka nje akakaa juu ya tofali. Nimeisikiliza albamu hiyo mara nyingi, na bado siwezi kutofautisha kwa sauti nani ni wa wapi. Mahubiri yalitolewa dhidi yake, nayajua. Ila niliwahi kukaa mikutano mingi ya upatanisho, nikala biskuti zake na kupiga makofi, na sikuona popote watu wakisikilizana namna ile.

Tuliuleta mwili wake nyumbani kutoka hospitali siku ya Alhamisi. Wiki hiyo habari za mashambulizi vijijini zilikuwa mbaya tena, mnazijua, na watu wa mtaa walianza kuangaliana kwa macho ya zamani. Mkuu wa mtaa, ambaye si mtu mbaya, alituomba tulie kwa sauti ndogo tusije tukawatia watu hofu. Tukatii. Tulikaa chini ya turubai kwenye mabenchi ya kanisa, kwaya ikaimba kwa sauti ya chini sana, na mwanamke aliyehangaika maisha yake yote kupata ruhusa ya kulia alilazwa mbele yetu katika kimya kile kile nilichokuwa nimekisifia gazetini. Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi mwenyewe kwanza, kisha wote.

Ndipo mama wa samaki aliposimama. Hakuomba ruhusa, hakupita nyumba hata moja kutangaza. Aliweka mikono kichwani akalia kwa nguvu zake zote, kutoka chini kabisa, mpaka turubai likatikisika. Mkuu wa mtaa alinyanyuka, akasita, akakaa. Mimi nilitazama barabara, maana moyo wangu ulikuwa huko. Sitawadanganya: nyumba mbili zilifunga milango. Lakini hakuna aliyekimbia. Watu walitoka kwenye nyua zao wakasimama kidogo wakisikiliza, kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengine wakifunga vitenge huku wanatembea, wengine wakitanguliza watoto. Wanawake wa albamu ya pili wakapokea kilio. Na mimi mzee wa watu, niliyekuwa sijalia mbele ya mtu tangu vita vianze, nikalia mpaka mke wangu akanishika bega.

Kwa hiyo leo naandika ili kufuta nilichoandika zamani. Nilidhani mji unapona siku unaponyamaza. Dada yule alijua, na ilinichukua mpaka kifo chake kujua pamoja naye, kwamba mji unaanza kupona siku mtu anapolia kwa sauti yake yote, na jirani yake akavaa viatu aende kumshika.